Minervale ya bei ya chini, diplomu ya bule: vijana wa ujenzi, tuulize

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi,

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, tunasikia maneno yale yale. Wazazi, wajomba, majirani, wote banasema: "Enda usome ujenzi, inchi inajengwa, kazi haiwezi kukosa. Tafuta tu chuo cha bei ya chini." Tunawaheshimu, lakini tunakataa. Chuo cha bei ya chini ni kile kinachokufundisha kazi. Kile kinachokupa karatasi tu ni cha bei kali, hata kama minervale yake ni kidogo.

Ninaandika haya nikiwa na diplomu ya ujenzi mkononi, na kazi sina. Fasi nilisomea, tulihesabu nguvu ya beto kwenye ubao miaka yote, bila kuvunja hata kipande kimoja kwenye mashine. Na kila injeniere anajua: beto inapimwa nyuma ya siku 7, tena nyuma ya siku 28. Koni ya Abrams, ile ya kupima kama beto ina maji mengi, ni chuma chembamba cha urefu wa sentimita 30. Fundi wa kuunganisha vyuma pale Katuba anaweza kuitengeneza. Kama chuo hakina hata hiyo, pesa ya mama anayeuza makala inaenda wapi?

Basi, mbele ya kulipa franka ya kwanza, uliza maswali matano:

1. Minervale ni ya mwaka mzima, ao nyuma yake kuna pesa ya silabusi, ya labo, ya staji?
2. Labo iko wapi? Nionyeshe leo.
3. Staji munatutafutia, ao kila mutu ajitafutie?
4. Wenye walimaliza mwaka jana wanafanya kazi gani?
5. Ruhusa ya wizara ya elimu ya juu iko?

Wakikasirika, jibu umeshalipata.

Lakini tusidanganyane. Maswali ya mwanafunzi peke yake hayatoshi. INBTP, chuo cha Serikali cha kazi hii, iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1 500 na sisi. Mtoto wa Ruashi atafika kule na nini? Na huku kwetu, mkataba wa Sicomines wa 2008 unabadilisha madini ya Kolwezi na barabara na majengo. Mwaka 2024 ulirudiwa, pesa ya miundombinu ikapanda mpaka dola miliardi 7. Shaba inatoka kwetu. Kwa nini shantye zake zisikuwe darasa letu?

Watatuambia Serikali haina pesa. Staji inaomba nini? Kofia ngumu, viatu, na injeniere mwenye kukubali kueleza.

Tunadai:
– kila mkataba wa kazi za Serikali uandike hesabu ya wanafunzi watakaopokelewa kwenye shantye;
– malipo yote ya chuo yabandikwe mara moja, mbele ya mwaka kufunguliwa;
– chuo bila labo kisifungue fakulte ya ujenzi.

Nyumba ikianguka, haianguki juu ya mwenye chuo. Inaanguka juu ya wenye kulala ndani. Wiki hii, enda pale unataka kujiandikisha, uliza yale matano kwa sauti, na uletee wenzako majibu.

Masomo si biashara!