Mtoko wa Wawili Usiohitaji Kukopa

Kila Februari 14 inapokaribia, mabango mekundu huota mbele ya hoteli za Dar es Salaam. Yana picha za waridi na mishumaa, na chini yake bei ya kifurushi cha watu wawili. Tarehe yenyewe imekaa pabaya. Mshahara wa Januari umeshamezwa na ada za shule na kodi ya nyumba, na wa Februari bado haujaingia. Ndipo wengine hukopa kwa simu, au kwa wale wakopeshaji ambao mtaani huitwa kausha damu, ili wapate saa mbili za kukaa kwenye kitambaa cheupe. Inasikitisha, kwa sababu hakuna sababu ya msingi ya kufanya hivyo. Miji ya pwani imejaa meza nzuri kwa watu wenye kipato cha kawaida. Ila meza hizo hazitangazwi kwenye mabango.

Mgahawa wa bei ghali huuza vitu vinne kwa mkupuo: mandhari, utulivu, huduma na chakula. Mteja hulipia vyote hata kama alichokifuata ni kimoja. Mwenye bajeti ndogo hana haja ya kuvichukua vyote mahali pamoja. Anaweza kutazama bahari sehemu moja na kula sehemu nyingine, na bahari haitozi kiingilio.

Rasi ya Msasani inaonyesha jambo hili vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya Dar es Salaam. Upande wake wa magharibi, pale Slipway, meza zinatazama Ghuba ya Msasani, na jua huzama mbele ya macho huku ngalawa na boti zikiwa zimetia nanga. Upande wa mashariki ni Coco Beach, inayotazama Bahari ya Hindi. Kule jua halizami baharini kamwe, lakini mwezi huchomozea huko. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni safari fupi ya bajaji.

Anayejua hesabu ya mwezi ana faida kubwa hapa. Mwezi unapofika siku ya kumi na nne au kumi na tano kwa kalenda ya Kiislamu, ile inayobandikwa ukutani majumbani na madukani, huchomoza karibu na wakati jua linapozama. Kila siku inayofuata huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 hivi. Maana yake ni kwamba, siku moja baada ya mwezi kujaa, wawili wanaweza kukaa Slipway na soda au juisi moja moja, wakaliona jua likizama, wakapanda bajaji na kufika Coco kabla mwezi haujatoka majini. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea majira ya mwaka, kwa hiyo muda unapangika bila wasiwasi.

Coco chakula kipo, na ni cha heshima yake: mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati na kujazwa pilipili, mishikaki juu ya mkaa, kachumbari na ndimu pembeni. Mhogo wa moto ukivunjwa na mikono miwili, mmoja akamkabidhi mwenzake kipande, hakuna mhudumu wa tai anayeweza kuongeza kitu. Jambo la kuzingatia ni usalama tu. Wakae karibu na taa na wauzaji, simu zisiachwe juu ya meza, na usafiri wa kurudi uwe umeshajulikana.

Wanaopenda kukaa mjini wana mgahawa wa Mamboz, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya. Jioni meza hutandazwa nje na moshi wa kuku wa kuchoma hupanda hadi ghorofa za jirani. Wapo watakaosema kwamba kula kuku barabarani, magari yakipita, hakufai kwa siku ya pekee. Hoja hiyo ina nguvu kwa anayetaka ukimya. Kwa wawili wanaopenda chakula chenyewe, kuku wa sekela anayekuja anachuruzika mchuzi wenye ukwaju na pilipili ni zawadi kamili, na familia nyingi za mjini zimeadhimishia pale mengi zaidi ya chakula cha usiku.

Zanzibar, mpangilio huohuo hurahisishwa na jiografia. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, umekaa pwani ya magharibi ya kisiwa, kwa hiyo jua huzama baharini kuelekea bara. Africa House, pale Shangani, zamani ilikuwa klabu ya Waingereza wa enzi za ukoloni. Leo ni hoteli, na baraza yake inayotazama bahari hujaa watu jioni. Kinywaji kimoja kinatosha kuhalalisha kiti. Baada ya hapo ni kutembea tu kwa miguu kwenda Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009.

Ukifika mapema, utakuta vijana wa makachu wakikimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, watu wakiwashangilia. Giza likiingia, taa za wauzaji huwashwa. Mpishi wa piza ya Zanzibar huchukua donge dogo la unga, akalitandaza jembamba hadi meza inaonekana kwa chini yake, akaweka nyama ya kusaga, vitunguu, yai na mayonezi, akakunja pembe nne na kuliweka kwenye chuma cha moto. Pembeni mashine ya miwa inakamua juisi, tangawizi na ndimu vikipita humo humo. Wawili wanaweza kuchukua piza moja, bakuli la urojo na glasi mbili za juisi, wakakaa ukutani wakitazama bahari. Pweza na mishikaki ya samaki vipo pia, ila hivyo viulizwe bei kabla havijawekwa jikoni, na muuzaji aulizwe samaki kavuliwa lini. Muuzaji mwenye samaki wa leo hujibu bila kusita.

Kwa anayetaka kukaa ndani, mgahawa wa Lukmaan, Mkunazini, huwapa wateja biriani, pweza wa nazi na maharage kwa bei ambayo wakazi wenyewe huilipa. Chakula kimepangwa mbele, unaonyesha kwa kidole. Hakuna mishumaa, lakini njia ya kurudi hupita kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, na kutembea vichochoroni humo usiku ni nusu ya mtoko.

Mombasa nako, mgahawa wa Tamarind wa Nyali una sifa na bei yake. Ila katika ufuo wa Mama Ngina, uliokarabatiwa mwaka 2019, watu wa mji hukaa jioni na madafu, viazi karai na mihogo, meli zikiingia na kutoka bandarini mbele yao. Hakuna anayewaona kuwa maskini.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo: kuonekana. Wanaume wengi huogopa kuitwa bahili kuliko wanavyoogopa deni, na wanawake wengi huogopa kuuliza bei wasije wakaonekana wamefuata pesa. Matokeo yake, wawili hukaa mbele ya menyu, kila mmoja akisoma safu ya kulia kwa siri. Kuulizana mapema ni heshima. Mume anaweza kusema nyumbani, kabla hata ya kuvaa: “Mama Zuhura, nimetenga elfu hamsini ya Jumamosi. Unapenda twende wapi?” Akijibiwa, “Basi tukale kuku, inayobaki tununue aiskrimu,” jioni imeshaanza vizuri na wote wawili wameipanga.

Hali kadhalika kwenye simu ya kuweka meza. “Habari ya kazi, dada. Nataka meza ya watu wawili Jumatano. Bei za kwenye menyu zina VAT ndani?” Swali hilo halimdhalilishi mtu, na linaokoa fedha nyingi. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18. Chakula cha shilingi 50,000 kilichoandikwa bei bila kodi kinakuwa 59,000. Mgahawa ukiongeza asilimia 10 ya huduma juu ya ile 50,000, bili inafika 64,000. Hizo 14,000 za ziada ndizo zinazoharibu mtoko, kwa sababu huja mwishoni, wakati mkono umeshaingia mfukoni na mwenzako anatazama.

Bei kwa dola ni usumbufu wa aina hiyohiyo. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kutangaza au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mteja anayekuta menyu ya dola ana haki ya kuomba bei ya shilingi, na aiombe bila kuinamisha kichwa.

Siku nayo ina uzito. Jumatano au Jumanne mgahawa mzuri una meza tupu, mpishi ana nafasi, na mhudumu anaweza kukupa kile kiti cha pembeni kinachotazama maji. Februari 14 mgahawa huohuo hubana meza, hupunguza menyu, na huweka bendi. Kelele hizo ni balaa kubwa kuliko bei. Spika zikipigwa hadi wawili wanaongea kwa kupaza sauti, hakuna kilichobaki cha kulipia, na ajabu ni kwamba sehemu nyingi huuza kelele hizo kama mvuto.

Wenye migahawa wanaweza kurekebisha mengi kwa gharama ndogo. Menyu ibandikwe mlangoni, bei zikiwa kwa shilingi na kodi ikiwa ndani, mtu aisome akiwa bado njiani. Kuwe na jioni moja katikati ya wiki yenye sahani mbili na vinywaji viwili kwa bei moja isiyobadilika, hata Februari. Na meza chache za mwisho, zile za upande wa maji, ziwekwe mbali na spika.