Ndege Huyu Hana Hatia



Mwezi huu tunawasimulia safari ya siku moja tuliyofanya akina mama saba wa kikundi chetu cha kanisa. Tuliondoka Mombasa alfajiri, tukasafiri kama kilomita 100 hadi Gede, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke. Shabaha yetu ilikuwa kumwona bundi mdogo ambaye duniani kote hupatikana sehemu chache tu za Pwani ya Kenya na chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Wataalamu walimtambua rasmi mwaka 1966.

Mwenzetu mmoja alisita. "Mimi mtu mzima nifunge safari kumtafuta bundi?" Tulimwelewa. Sote tumelelewa tukiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa, msiba uko njiani.

Mwongozaji alitupeleka kwa miguu penye udongo mwekundu. Akaingia kichakani peke yake, kisha akatuita kwa mkono. Kwenye tawi la chini walikuwa wamelala wawili, wamebanana, kila mmoja ana urefu wa kama sentimita 16. Mmoja alifumbua jicho la manjano, akatutazama, akalifumba.

"Huyu anakula nini, mwanangu?" tukauliza.

"Wadudu, mama."

Yule aliyesita akanong'ona, "Kumbe ndiye tuliyemwogopa miaka yote!"

Akina mama, hapo ndipo penye somo. Huku Pwani mtoto akishikwa na degedege, wengi husema ni nyuni, yaani ndege amempitia. Sisi wauguzi tumewapokea watoto walioletwa siku ya tatu, baada ya hirizi na kufukizwa, nguvu zimekwisha. Wengine hatukuweza kuwaokoa. Degedege huletwa na homa kali, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kifafa au ugonjwa mwingine unaohitaji kupimwa hospitali.

Mtoto akishikwa, fanya hivi:

1. Mlaze kwa ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumwumiza.
2. Usimtie kijiko, dawa wala maji kinywani.
3. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama amezinduka.

Maombi ni ya lazima, lakini ombeni mkiwa njiani. Msimngoje mtoto apoe kwanza.

Mwenye Zaburi ya 102 alijifananisha na bundi alipozidiwa na huzuni. Hakusema kwamba bundi ndiye aliyemletea huzuni hiyo. Nasi tusimbebeshe kiumbe cha Mungu maradhi yetu. Bundi huyu mdogo yumo hatarini kutoweka, kwa kuwa miti anayoitegemea inakatwa. Kati yetu na yeye, mwenye sababu ya kuogopa ni yeye.

Waambieni haya mabinti na wakwe zenu, hasa wenye watoto wachanga. Mungu awalinde nyote hadi mwezi ujao.