Mbwa wa Kuswaga Hachoshwi kwa Mbio

Mtu akileta nyumbani mtoto wa German Shepherd, Malinois au Border Collie, ushauri humfikia kabla ya chanjo ya kwanza. Muuzaji anao, jirani anao, mlinzi wa getini anao. Mwingi wa ushauri huo huwaumiza mbwa hawa, na miezi michache baadaye huumiza watu. Ndiyo maana naujibu hapa hoja kwa hoja.

Wote watatu asili yao ni kwa wachungaji wa Ulaya. Border Collie alitokea mpakani mwa Uskoti na Uingereza, na karibu wote wa leo wana damu ya dume mmoja, Old Hemp, aliyezaliwa Northumberland mwaka 1893. German Shepherd alianza kusajiliwa mwaka 1899 kwa juhudi za Max von Stephanitz. Malinois ni wa maeneo ya Mechelen, Ubelgiji. Mbwa wengi wa bomani kwetu kazi yao kubwa ni kubweka fisi akisogea. Kuswaga mifugo ni kazi ya vijana. Hawa wa Ulaya waliteuliwa, kizazi hadi kizazi, ili wao wenyewe wakimbie, wazunguke na kumrudisha mnyama anayetoroka. Hamu hiyo mtoto huzaliwa nayo, hata kama hatamwona kondoo maisha yake yote.

“Ana nguvu nyingi, mkimbize mpaka achoke.” Hii ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote, nayo ndiyo inayowaponza wengi. Mbwa anayekimbizwa kila siku hujenga mapafu na misuli ya kukimbia zaidi, kwa hiyo mwenye mbwa ndiye hushindwa kwanza. Wakati huo huo, ncha za mifupa yake bado ni gegedu laini, na kwa mbwa wakubwa huweza kuchukua hadi mwaka na nusu kukomaa. Kumkimbiza nyuma ya pikipiki akiwa na miezi minne ni kumtafutia kilema, na kumfanyia hivyo kwenye lami ya saa sita mchana ni kumtafutia kifo kwa joto.

Anachokosa mara nyingi ni usingizi. Mtoto wa mbwa huhitaji kulala hata saa 18 kwa siku. Tazama nyumba yenye watoto ikifika saa moja jioni: wageni wanaingia, televisheni inaunguruma, na yule mbwa anazunguka sebuleni bila breki, anang’ata pindo la kanga, anavuta zulia, macho yamemtoka. Wenyewe husema bado hajachoka, wakamtoa tena nje kucheza. Kumbe amechoka kupita kiasi, hajui kujituliza. Mweke kwenye kona yake yenye giza kidogo, mpe mfupa wa kutafuna, watoto wasimguse. Mara nyingi hulala baada ya dakika chache tu.

Akiamka, mpe kazi ya kichwa. Tawanya dagaa wachache kwenye majani, umwache awatafute kwa pua. Mfundishe kulala chini na kungoja huku mpira ukipita mbele yake, maana kwa mbwa wa kondoo kusimama ni kazi sawa na kukimbia. Chaser, Border Collie wa John Pilley huko South Carolina, alijifunza majina ya vitu vya kuchezea zaidi ya 1,000, na alifundishwa kwa mchezo. Akili ya namna hiyo haitulizwi kwa kuzungushwa mtaa mzima.

“Anang’ata watoto visigino, basi atakuwa mlinzi hodari.” Hapana. Anawaswaga. Kukodolea macho, kunyemelea, kufukuza, kubana kisigino: hizo ni hatua za uwindaji ambazo wafugaji walizibakiza na kuzinoa, wakapunguza ile ya kuua. Watoto wanaokimbia wakipiga kelele ndio kondoo wake. Kumchapa puani hakuondoi hamu hiyo, bali humfundisha kuogopa mkono unaomsogelea usoni, na siku nyingine huo utakuwa mkono wa mtoto. Wafundishe watoto wasimame wima, mikono kifuani, mchezo uishe pale pale. Mbwa apewe kamba ya kuvuta badala ya mguu. Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao, hata kwa muda wa kwenda jikoni na kurudi.

“Mfungie bandani asizoee watu, ndiyo awe mkali.” Hapa sina maneno laini. Utafiti wa Scott na Fuller, uliotolewa kama kitabu mwaka 1965, ulionyesha kuwa wiki za mwanzo za maisha, takriban ya tatu hadi ya 12, ndizo mbwa anapojifunza kipi ni cha kawaida duniani. Anayezimaliza bandani hukua na woga, na mbwa mwenye woga hamchagui mwizi. Humuuma fundi bomba, shangazi aliyekuja kusalimia, mtoto aliyefuata mpira. Mlinzi mzuri ni yule anayemjua mtu wa kawaida, kisha akamtambua asiye wa kawaida.

Ni kweli, akishushwa chini nje mapema, ugonjwa wa pavo huua, na virusi vyake hukaa ardhini kwa miezi mingi. Basi mbebe mpaka amalize chanjo zake akiwa na wiki 16 hivi, na ile ya kichaa cha mbwa isikose anapofikisha miezi mitatu. Akiwa mikononi mwako asikie bajaji, adhana, honi ya basi, mvua kwenye mabati. Si lazima kila mtu amshike. Majirani wengi Waislamu hawataki mate ya mbwa yawaguse, na wana haki hiyo. Mbwa aliyefundishwa kuketi na kutazama watu wakipita amezoezwa vizuri kuliko anayerukia kila mgeni.

“Kiwanja chetu kikubwa, kinamtosha.” Kiwanja bila mtu humpa nafasi ya kubuni kazi yake mwenyewe: kukimbizana na bodaboda kando ya ukuta, kuchimba, au kufukuza vivuli mpaka iwe ugonjwa.

“Mpige ile sindano ya ng’ombe, inamaliza ukurutu.” Ivermektini kwa kipimo kikubwa inaweza kumpeleka mbwa wa uchungaji kwenye kifafa, kupoteza fahamu na kufa. Baadhi yao hubeba hitilafu ya jeni inayoitwa MDR1, inayoruhusu dawa iingie kwenye ubongo. Kwa Collie ni wengi sana, kwa German Shepherd ni takriban mmoja kati ya kumi, na kwa Border Collie ni wachache. Kwa macho huwezi kumjua. Mwache daktari wa mifugo aamue dawa na kipimo; rafiki mwenye chupa ya zizini asimguse.

“Amekuwa jeuri, mpelekeni shamba.” Kauli hii huja mbwa akifikisha miezi minane hivi, na wakati huo si sadfa. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Lucy Asher wa Newcastle walionyesha kuwa mbwa wa miezi minane humtii mlezi wake kidogo kuliko alivyomtii akiwa na miezi mitano, ilhali mtu baki bado anamsikiliza. Ni balehe, na hupita. Shamba halimponyi: asiyefundishwa atafukuza mbuzi mpaka mmoja avunjike mguu, kisha afungwe mnyororo mwembeni au apigwe rungu. Wachungaji wa Uskoti wenyewe hawamwachii mbwa mchanga kundi. Humsubiri akomae, wakamwanzisha kwa kamba ndefu, kondoo wachache watulivu, na vipindi vifupi, na kabla ya yote hayo lazima awe anakuja akiitwa.