BASTOLA YA SERIKALI NA MIZANI YAKE

Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kucha akausikiliza mlio wake kabla hajatoa fedha. Serikali inunuapo silaha kwa fedha ya raia, nayo imepasiwa kugonga na kusikiliza. Na raia wana haki ya kuambiwa mlio ulikuwaje. Kwa ajili hiyo twaieleza leo khabari ya bastola moja ya majeshi ya Marekani, kwani ndani yake mna funzo la kila anayekabidhiwa mfuko wa watu.

Bastola tunayoisema ni ile kubwa ya kazi, ivaliwayo kiunoni hadharani, si ile ndogo ya kufichwa mfukoni. Kila kifyatulio kikivutwa hutoka risasi moja. Nguvu ya baruti hukisukuma nyuma chuma cha juu kitelezacho, nacho hulitupa ganda tupu, na kirudipo mbele huingiza risasi nyingine. Chuma hicho kipo karibu na uso wa mpigaji, naye roho yake ameiweka katika uzima wa chuma hicho.

Tangu mwaka 1911 majeshi ya Marekani yalitumia bastola ya Colt, iliyosifiwa kwa kupiga risasi 6,000 katika majaribio bila ya kukwama. Mwaka 1984 makampuni ya Marekani na ya Ulaya yakaleta bastola mpya za milimita 9. Zikatiwa matope na mchanga, zikatiwa joto na baridi, zikaangushwa chini. Mwisho zikabaki mbili: Beretta 92 ya Italia na SIG Sauer P226. Bastola moja moja, SIG Sauer ilikuwa na bei ndogo zaidi. Lakini zilipojumlishwa vikasha vya risasi na vipuri, Beretta ikawa rahisi. Januari 1985 ikatangazwa kuwa mshindi, ikapewa jina la M9, na mkataba wa bastola zaidi ya 300,000 ukatiwa saini.

Wako watakaosema kwamba hapo kazi ilikwisha. Sisi twasema hapo ndipo ilipoanza.

Kampuni ya Smith & Wesson, iliyokuwa imetolewa mashindanoni, haikunyamaza; ilikwenda mahakamani na malalamiko yake yakafika Bungeni. Wakaguzi wa hesabu wa Bunge wakaitazama kazi ya jeshi lao wenyewe, na mwaka 1986 wakatamka kwamba kampuni ile haikutendewa haki. Katika kipimo cha nguvu ya kisindano kigongacho fataki ya risasi, ilihukumiwa kwa tafauti ndogo mno, iliyozaliwa na kugeuza hesabu kutoka vipimo vya aina moja kwenda vya aina nyingine. Hebu wasomaji wetu wafikiri: mizani yenyewe ilikuwa na kasoro, na lau walioshindwa wangelifungwa mdomo, asingelijua mtu.

Kisha likaja kubwa zaidi. Baina ya mwaka 1987 na 1988 askari watatu wa kikosi maalumu cha wanamaji walijeruhiwa usoni, baada ya kile chuma cha juu kuvunjika na kipande chake kurudi nyuma. Wauzaji wakazilaumu risasi kuwa na nguvu kupita kiasi. Wengine wakakilaumu chuma. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini mambo hayakuachwa yawe maneno matupu. Askari waliamriwa wakibadilishe chuma hicho baada ya idadi maalumu ya risasi, na bastola ikaongezwa pini yenye kichwa kipana, ili chuma kikivunjika kizuilike kisimfikie mpigaji. Mwaka 1988 mashindano yakafunguliwa tena, na Smith & Wesson ikaingia pamoja na Ruger. Mwaka 1989 Beretta ikashinda mara ya pili, na ushindi huo ulikuwa na uzito kuliko wa kwanza, kwa sababu ulipatikana mbele ya macho ya wenye shaka.

Miaka mingi baadaye desturi hiyo ilionekana tena. Januari 2017 jeshi lilichagua bastola ya SIG Sauer, iliyopewa jina la M17. Glock ikalalamika, na Juni mwaka huo wakaguzi wakayakataa malalamiko yake, wakaeleza wazi kwamba tafauti ya bei ilizidi dola milioni 100. Tena ripoti ya serikali yenyewe ilikiri mwaka 2018 kwamba bastola hiyo ilipoangushwa katika majaribio iliweza kufyatuka peke yake, na kwamba vipande vya kifyatulio vilifanywa vyepesi ili kuiondoa khatari hiyo.

Hatusemi kwamba Wamarekani ni malaika katika ununuzi wao. Walikosea hesabu, na watu waliumia. Lakini makosa yaliandikwa, yakasomwa, na yakatengenezwa, kwa sababu walikuwapo watu wenye idhini ya kuuliza na wenye wajibu wa kujibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa hauzibwi na mtu aliyekatazwa kuutaja.

Basi popote inaponunuliwa silaha kwa fedha ya umma, raia na waulize: Nani aliyeipima? Kwa risasi ngapi? Nini kilichovunjika? Bei iliyotajwa ni ya bastola pekee, au pamoja na vipuri vyake? Na walioshindwa, nani aliyewasikiliza? Askari mwenyewe hakupewa nafasi ya kuchagua. Hupewa bastola, akatia saini, akaivaa. Anayemchagulia ana deni kwake, na deni hilo halilipwi kwa siri.