GARI NA MWENYEWE: Kabla ya Kwenda Salalah

Kila mwaka kharifu ikikaribia, vijana hunijia na masuali mawili: "Ami, shokomzoba nibadilishe mwenyewe?" na "Oili ya giaboksi niimwage au niiwache?" Maskati mpaka Salalah ni kama kilomita 1,000, na ukishaipita Adam ni jangwa tupu. Gari ikilala huko, wanaolala nayo ni watoto na bibi zao.

Shokomzoba ikivuja, au gari ikipita tuta ikaendelea kunesanesa kama mashua, imekwisha. Badilisha mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Za nyuma, kwa gari nyingi, kijana mwenye spana nzuri na subira ataziweza kwa asubuhi moja. Lakini asiingie mtu chini ya gari iliyobebwa na jeki pekee! Weka stendi za chuma, na magurudumu yaliyobaki chini yatiliwe vizuizi. Bolti zenye bushi za mpira zikazwe mwisho, gari ikiwa imekaa kwa uzito wake, ama sivyo mpira hubaki umejipinda ukakatika mapema. Hili hata mafundi wengine hulipita.

Za mbele, ambazo springi imeizunguka shokomzoba, kuzifungua nyumbani siruhusu. Springi iliyobanwa ikifyatuka yaweza kuua. Mpelekeeni fundi mwenye mashine ya kubania, mumlipe haki yake.

Ama oili ya giaboksi ya otomatiki, vitabu vingine husema ni ya maisha. Maisha ya nani? Kwa joto letu na gari iliyojaa ukoo mzima, mimi hubadilisha kila kilomita 60,000 hivi. Ukimwaga hutoka sehemu tu, nyingine hubaki ndani. Basi jaza, endesha siku chache, mwaga tena. Pima iliyotoka. Aina iwe ile iliyotajwa kitabuni, na giaboksi ya CVT ina oili yake mbali.

Ikiwa oili ni nyeusi, inanuka kuungua na gia zinateleza, oili mpya haiponyi kitu. Wapo wasemao oili mpya huua giaboksi kuukuu. Naona nyingi zilikwisha kufa, oili ikasingiziwa. Gari hiyo isiende Salalah, pandeni basi. Gia zikiingia vizuri, badilisheni, lakini wiki mbili kabla ya safari, ili ikivuja ivujie mlangoni kwenu.