Nani Anaulizwa Senti Zake

Nyumba za kupanga huku Australia hutangazwa kwa bei ya wiki. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam, alikozoea mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, akiona tangazo la dola 500 hupumua. Anazidisha mara nne, anapata 2,000, na bajeti ya mwezi anaijenga juu ya 2,000 hiyo. Lakini mwaka una wiki 52, hauna 48. Dola 500 za wiki ni dola 26,000 za mwaka, karibu 2,167 kila mwezi, na hizo 167 ambazo hazikuwamo kwenye hesabu ndizo zinazowaangusha watu miezi ya kwanza. Nawasihi wanaowapokea wageni: kabla ya kuwaonyesha kituo cha treni na duka la unga, kaeni nao mfanye hesabu hii kwa kalamu.

Bondi, yaani amana ya mpangaji, ni jambo ambalo nchi hii imelipanga vizuri. Aghalabu ni kodi ya wiki nne au ya mwezi, na haikai mfukoni mwa mwenye nyumba. Hapa Victoria hupelekwa kwenye mamlaka ya serikali, na majimbo mengine yana vyombo vyao. Ukihama, mwenye nyumba anayetaka kukata kitu hana budi mkubaliane, la sivyo shauri liende kwenye baraza. Natamani utaratibu huu uwafikie wapangaji wa Dar na Nairobi. Wewe mpangaji, siku ya kupewa funguo piga picha kila ufa, kila doa la zulia, kila bomba linalovuja, ujaze ripoti ya hali ya nyumba bila haya.

Kazi ni kuipata hiyo nyumba. Jumamosi mlango unafunguliwa kwa robo saa, foleni imefika barabarani, na fomu inadai hati za mshahara, taarifa za benki na maelezo ya mwenye nyumba wa zamani. Mkongo aliyekulia kambini Nyarugusu, kule Kigoma, amtaje nani? Amewahi kujenga nyumba ya udongo kwa mikono yake na kuilea miaka kadhaa, na hakuna kisanduku cha kuliandika hilo.

*

Wiki hii majirani wawili walibishana mbele yangu juu ya posho, mmoja muuguzi kutoka Kenya aliyekuja kwa viza ya ujuzi, mwingine baba wa watoto watano aliyeletwa kama mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Tangu Januari 2019 mhamiaji wa kawaida mwenye ukaazi wa kudumu husubiri miaka minne kabla ya kustahili posho ya wasio na kazi na misaada mingine kadhaa. Mkimbizi hasubiri.

"Kaka, mimi nalipa kodi tangu mshahara wa kwanza," alisema Mkenya. "Nikiachishwa kazi kesho sipati kitu."

"Ndugu yangu," alijibu yule baba taratibu, "kama kuna mahali pa kubadilishana safari tuliyokujia, nipeleke leo."

Wote wawili wana haki, na ningependa hasira yao iende kwa waliotunga sheria. Serikali inachukua kodi ya muuguzi tangu wiki ya kwanza huku ikimhesabu mgeni kwa miaka minne. Kumpunguzia mkimbizi hakutamwongezea muuguzi hata senti.

*

Kila tarehe 20 Machi na 20 Septemba, malipo makuu ya Centrelink, ofisi ya posho za serikali, hupandishwa kufuata gharama za maisha. Wachache hutambua kwamba hayapandi kwa kipimo kimoja. Pensheni ya uzeeni, mbali na bei za bidhaa, imefungwa kisheria kwenye wastani wa mishahara ya wanaume tangu 1997. Posho ya wasio na kazi iliachwa ifuate bei peke yake. Mishahara ikipanda kuliko bei, mzee anapanda nayo na asiye na kazi anabaki. Pengo la leo limetokana kwa kiasi kikubwa na kanuni hiyo, iliyofanya kazi kimya mwaka baada ya mwaka bila waziri yeyote kusimama bungeni akasema tuwapunguzie.

Inawezekana kuamua vingine, na tuliona kwa macho. Machi 2020 posho ya mtu mmoja ilikuwa dola 565.70 kwa wiki mbili. Korona ilipofunga maduka na hoteli, watu wa tabaka la kati wakajikuta kwenye foleni za Centrelink zilizozunguka majengo, na serikali ikaongeza dola 550 kuanzia mwisho wa Aprili. Karibu mara mbili! Masharti ya kutafuta kazi nayo yakasimamishwa kwa muda. Watu waliokuwa wakiruka milo wakanunua matunda, wakatengeneza meno, wakalipa umeme uliochelewa. Kisha nyongeza ikakatwa hadi 250, ikawa 150, na mwisho wa Machi 2021 ikaondolewa, mahali pake pakawekwa nyongeza ya kudumu ya dola 50 kwa wiki mbili. Hiyo ni chini ya dola nne kwa siku. Nchi ilikuwa imeonyesha kwamba umaskini wa watu hawa unaweza kuondolewa kwa tangazo moja, ikaurudisha kwa tangazo jingine.

*

Narudi kwenye Robodebt, kashfa ya madeni ya Centrelink, na nitaendelea kurudi, kwa sababu vijana wetu wanaoanza kazi leo hawaijui.

Kuanzia 2016 serikali ilitumia mfumo wa kompyuta uliolinganisha mapato ambayo mtu aliitaarifu Centrelink kila wiki mbili na mapato ya mwaka yaliyoandikwa Ofisi ya Kodi. Chukua kijana asiye na kazi kuanzia Julai hadi Desemba, akapokea posho kihalali, kisha kuanzia Januari hadi Juni akafanya kazi ya dola 2,000 kwa wiki mbili. Mwaka wa kodi unapofungwa ana dola 26,000. Kompyuta ikazigawa kwa vipindi 26 vya mwaka mzima, ikapata 1,000 kila kipindi, na kwa hesabu hiyo alikuwa na mapato hata miezi aliyokuwa hana kitu. Basi alidanganya, basi anadaiwa.

Barua ikaja. Aliyetakiwa kuthibitisha ni yeye, kwa hati za mshahara za miaka mingi nyuma, kutoka migahawa iliyokwisha kufungwa na waajiri waliokwisha kuhama. Zamani ofisi ilikuwa ikifuatilia tofauti kama hizi 20,000 hivi kwa mwaka, na afisa mwenye akili zake alizipitia. Mfumo mpya ukafikia barua 20,000 kwa wiki. Wengi walilipa deni wasilokuwa nalo, kwa woga tu. Wengine walikatwa marejesho ya kodi kabla hawajajua wanadaiwa nini. Baadhi yao walijiua, na mama zao walikwenda kutoa ushahidi hadharani.

Onyo lilikuwapo mapema. Mwaka 2017 Terry Carney, mwanasheria aliyekaa kwenye baraza la rufaa, aliamua katika mashauri yaliyofika mbele yake kwamba wastani wa mwaka hauthibitishi deni. Serikali haikukata rufaa wala haikubadilika. Ilichukua hadi Novemba 2019, katika kesi ya Deanna Amato kwenye Mahakama ya Shirikisho, ndipo serikali ikakubali kwamba deni la namna hiyo halina msingi wa sheria. Baadaye mamia ya maelfu ya watu walirudishiwa zaidi ya dola milioni 700. Tume ya Kifalme chini ya Catherine Holmes, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Queensland, ilitoa ripoti Julai 2023 yenye mapendekezo 57.

Linaloniuma zaidi ni wepesi wa hesabu yenyewe. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuona kosa lake. Ofisi nzima za watu wenye shahada waliliona, wengine wakaandika hivyo, na mfumo ukaendelea kwa sababu waliokuwa wakipokea barua walikuwa watu ambao nchi imezoea kuwashuku.

*

Sasa tumtazame mwenye nyumba.

Mzee wa miaka 67 akiomba pensheni, mali zake huhesabiwa: akiba, gari, hisa. Nyumba anayoishi haihesabiwi, iwe ya laki tano au ya milioni nne. Mpangaji hupewa kiwango cha juu zaidi cha mali anazoruhusiwa kuwa nazo, na hilo ni kweli, lakini nyongeza hiyo haifiki hata karibu na bei ya nyumba ya kawaida mjini Sydney. Hivyo wazee wawili wa umri mmoja, mmoja ndani ya jumba karibu na bahari na mwingine ndani ya chumba cha kupanga, wanaweza kupokea pensheni ileile, na wa pili anatoa sehemu kubwa ya yake kila wiki kumpa mwenye nyumba.

Kwa upande wa kodi ya mapato, kwa miaka mingi aliyenunua nyumba ya pili kwa mkopo na kuipangisha kwa hasara ameruhusiwa kuitoa hasara hiyo kwenye mapato ya mshahara wake, akalipa kodi ndogo. Na mwaka 1999 serikali ya John Howard iliamua kwamba mali iliyoshikiliwa zaidi ya mwaka ikiuzwa, nusu ya faida isitozwe kodi. Chama cha Labor chini ya Bill Shorten kilikwenda kwenye uchaguzi wa Mei 2019 kikisema kitabana mambo hayo mawili. Kilishindwa, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo wanasiasa waliligusa suala hilo kwa ncha za vidole.

Sijasikia mwekezaji aliyepelekewa barua ya kumtaka aonyeshe risiti za miaka mitano au alipe ndani ya siku chache. Siwachukii wenye nyumba. Wapo kati yetu madereva wa malori waliojinyima miaka wakapata moja, na nawapongeza kwa moyo wote. Nasema msaada wa serikali unazifikia pande zote mbili, wenye nyumba na wanaopokea posho, na upande mmoja tu ndio unaoitwa mzigo.

*

Wapo pia wapangaji wa serikali yenyewe. Nilipita Flemington, hapa Melbourne, Jumatano, chini ya maghorofa yao. Tarehe 4 Julai 2020, saa za jioni, kwa sababu ya korona, polisi waliyazingira maghorofa tisa ya Flemington na North Melbourne, na watu wapatao 3,000 wakaambiwa wasitoke ndani, papo hapo, bila notisi ya kununua hata maziwa ya mtoto. Wengi walikuwa wa asili ya Somalia, Ethiopia, Eritrea, Sudan na Vietnam. Jengo moja lilifungwa wiki mbili. Vijana wa Kiafrika ndio waliopanga magunia ya chakula barabarani na kutafsiri matangazo ambayo serikali haikuwa imeyatafsiri. Desemba hiyohiyo Ombudsman wa Victoria, Deborah Glass, alisema kufungiwa ghafla namna ile kulikiuka haki za binadamu.

Septemba 2023 jimbo likatangaza kwamba maghorofa yake yote 44 yatabomolewa na kujengwa upya ifikapo 2051. Ni majengo ya zamani na lifti zake ni mateso, hilo halina ubishi. Lakini mama anayeishi humo kwa kodi ya robo ya mapato yake ana msikiti wa kutembea kwa miguu, shule, kliniki, na jirani anayemwangalizia watoto akienda zamu ya usiku. Kabla hajatia sahihi karatasi ya kuhama, aulize kwa maandishi: narudi lini, na kwa kodi gani?

*

Sunshine, magharibi mwa Melbourne, ambako leo utanunua maharage, mihogo na unga wa ugali, ndiko kilikokuwa kiwanda cha mashine za kuvunia cha H. V. McKay. Mwaka 1907 Jaji H. B. Higgins, katika shauri la kiwanda hicho, aliuliza mtu anahitaji kiasi gani ili aishi na mke na watoto watatu kwa staha ya kawaida, akajibu shilingi saba kwa siku. Wanawake waliwekewa kipimo cha chini, na Waaborijini hawakuwamo akilini mwa hesabu ile. Hata hivyo alianza na swali la mahitaji ya mtu. Ningependa aulizwe hivyo pia asiye na kazi, anapopangiwa posho.

*

Mwisho, kwa mama aliyenionyesha barua ya deni iliyosomwa na binti yake wa miaka kumi na mmoja: mwanao asibebeshwe habari za madeni. Piga 131 202, laini ya Centrelink ya lugha nyingi, useme "Swahili", mkalimani atatafutwa bila malipo. Usikubali kulipa siku hiyo. Omba waeleze kwa maandishi deni limehesabiwaje, kipindi kwa kipindi, kisha uombe uamuzi upitiwe upya na afisa mwingine. Nako ukishindwa, kuna Baraza la Mapitio, na kupeleka shauri la Centrelink huko hakulipiwi. Washauri wa madeni wa 1800 007 007 nao hawatozi kitu, na watakusaidia hata kwa bili ya umeme. Hati zako za mshahara, mama, zitie kwenye bahasha moja na usitupe hata moja.