Tukimvika askari wa Keya, tusimsahau mpagazi

Katika nchi za Ulaya na Marekani umeshamiri mchezo mmoja wa watu wazima, nao ni mchezo wa kuigiza vita vya kale. Mwezi Juni 2015, miaka mia mbili baada ya vita vya Waterloo nchini Ubelgiji, maelfu ya waigizaji kutoka mataifa mbalimbali walikusanyika karibu na uwanja ule ule, wakiwa wamevaa sare za majeshi ya Napoleon na za wapinzani wake. Wamarekani nao huyaigiza mapigano ya Gettysburg ya mwaka 1863.

Washiriki wa maigizo haya hutumia miaka mingi na fedha si haba kukusanya mavazi na zana za askari mmoja tu. Hubishana juu ya idadi ya vifungo vya koti, aina ya uzi, rangi ya ngozi ya mkanda, hata upande ambao chupa ya maji ilining'inia. Waliokithiri miongoni mwao wamepachikwa jina la kejeli, wahesabu-nyuzi. Msomaji anaweza kuwacheka. Mimi siwacheki, kwa maana vazi ni hati kama hati nyingine yoyote. Anayejua kulisoma ataambiwa nani alilipa, nani aliamuru na nani aliteseka.

Swali langu leo ni hili: je, sisi tumewahi kuisoma hati hiyo kuhusu vita vilivyopiganwa katika ardhi yetu? Vita Vikuu vya Kwanza vilifika hapa mapema mno. Wajerumani waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914, na mapambano yakaendelea katika nyika za Taita hadi mwaka 1916, majeshi ya Uingereza yaliposhindwa kwanza katika kilima cha Salaita mwezi Februari kabla ya kusonga mbele mwezi Machi. Watu wetu walikuwamo katika pande zote mbili. Hata hivyo, vita hivi vinapoigizwa jukwaani au katika filamu, aghalabu askari huvishwa nguo zozote za kijeshi zilizo karibu, yakiwamo magwanda ya mabakamabaka na buti nyeusi zinazong'aa. Magwanda ya namna hiyo hayakujulikana na askari wa Afrika Mashariki wa mwaka 1914.

Basi na tumvike ipasavyo. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu walilifupisha wakaliita Keya, liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Kenya, Uganda na Malawi za leo. Mwaka 1914 lilikuwa na batalioni tatu tu; kufikia mwisho wa vita lilikuwa limepanuka na kuwa na askari zaidi ya 30,000. Askari wake alivaa shati au koti la kaki na kaptura ya kaki. Kichwani alikuwa na kofia isiyo na ukingo, iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye pindo la kukinga kisogo dhidi ya jua. Kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti aliviringisha kitambaa kirefu cha rangi ya buluu iliyokolea. Kisha, chini ya kitambaa hicho, hapakuwa na kitu. Wengi wa askari hao walipigana peku.

Hapa ndipo hati inapoanza kuzungumza. Askari wa Kiafrika wa upande wa Wajerumani alikuwa na viatu, na juu ya kichwa chake kulikuwa na tarbushi iliyofunikwa kwa kaki. Lakini mwanzoni mwa vita, wengi wao walikuwa na bunduki za muundo wa mwaka 1871, zilizobeba risasi moja moja na kutoa moshi mwingi uliomfichulia adui mahali walipojificha. Huyu alipewa viatu akanyimwa bunduki nzuri. Yule alipewa bunduki nzuri akanyimwa viatu. Mwigizaji anayewavalisha wote wawili sare moja kamilifu amefuta habari nzima katika dakika moja.

Isitoshe, mtu hawezi kusema kwamba anamvika askari wa vita vile bila kutaja mwaka. Manowari za Uingereza zilipoifunga pwani, Wajerumani walilazimika kusokota pamba humo humo Tanganyika, kufuma vitambaa na kuvitia rangi iliyotokana na mimea. Walitengeneza viatu kwa ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini. Mwezi Novemba 1917, walivuka mto Ruvuma, wakaishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano na kujipatia silaha, risasi na vyakula. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, sehemu kubwa ya askari wake walibeba bunduki zilizotekwa kutoka kwa Waingereza na Wareno. Askari wa kweli wa mwaka huo alikuwa amevaa viraka. Anayetaka kumwigiza amwendee fundi cherehani mwenye subira, kisha aichakaze nguo hiyo kwa jua, jasho na vumbi.

Hadi hapa nimekuwa nikizungumza kama mhesabu-nyuzi. Sasa nataka kusema jambo ambalo wahesabu-nyuzi hulisahau. Sare inaweza kuwa sahihi katika kila kifungo, na onyesho zima likabaki kuwa uongo, iwapo mpagazi hayumo.

Katika sehemu kubwa ya nchi hizi, mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mizigo. Magari yalikuwa machache na barabara zilikuwa matope. Kila risasi na kila gunia la unga vilifika vitani juu ya kichwa cha mwanadamu. Inakadiriwa kwamba Uingereza peke yake iliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivi. Hesabu rasmi iliwataja zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wanaamini kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo maradufu. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, uchovu, na unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa kwa haraka, ambao matumbo ya wengine hayakuuzoea.

Zana za mpagazi zilikuwa nini? Blanketi, nguo kidogo, kibati chenye nambari, na mzigo wa takriban kilo 25. Vitu hivyo havimgharimu mwigizaji chochote cha maana, na pengine ndiyo sababu havimvutii. Mpagazi hana medali ya kung'arisha wala mkanda wa risasi wa kujivunia. Lakini ni yeye aliyeipa Nairobi mtaa wa Kariokor na Dar es Salaam mtaa wa Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Katika sanamu za askari zilizozinduliwa mwaka 1928 katikati ya jiji la Nairobi, mpagazi amesimama pamoja na wenye bunduki. Mchongaji alimkumbuka, itakuwa aibu kwetu kumsahau.

Kwa hivyo napendekeza kanuni moja kwa yeyote anayeandaa maigizo au maadhimisho ya vita hivi: pasipo mpagazi, pasiwe na askari. Na wapagazi wawe wengi kuliko askari, kama ilivyokuwa. Mizigo yao iwe na uzito halisi, angalau kwa mwendo wa kilomita moja, ili mtazamaji awaone wakihema.

Kuna zana nyingine ambayo haishonwi wala kununuliwa, nayo ni lugha. Askari wa Keya alitoka katika makabila mengi, na mojawapo ya lugha zilizowaunganisha kambini ilikuwa Kiswahili cha aina yake, kilichokuja kuitwa Kikeya, chenye upatanisho wa ngeli uliopunguzwa. Kiswahili sanifu tunachofundisha leo hakikuwapo. Kamati ya kukisanifisha ilianza kazi mwaka 1930. Mwigizaji aliyevaa kaki ya mwaka 1916 akazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari ni sawa na yule aliyesahau kuvua saa yake ya mkononi.

Maneno yenyewe ya zana hizi ni makumbusho. Kaki ni neno lililotoka Bara Hindi, lenye asili ya Kiajemi, na maana yake ni rangi ya vumbi. Singe, kile kisu cha kuchomekwa kwenye mtutu, nacho kimetoka Bara Hindi. Askari na bunduki ni maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu. Afande ni neno la Kituruki lililopitia Misri na Sudan, walikotoka wengi wa askari wa kwanza wa kulipwa wa Wajerumani na Waingereza. Bombom, bunduki ya rashasha, ilipewa jina na masikio ya waliokuwa wakiikimbia. Anayemfundisha kijana majina haya pamoja na vitu vyenyewe amempa somo la historia ambalo hatalisahau.

Najua wapo watakaopinga. Watauliza: kwa nini tuvae sare ya mkoloni, tuigize vita ambavyo Mwafrika alimuua Mwafrika mwenzake kwa manufaa ya wengine? Swali hilo ni la haki, na ndilo linalonifanya nisisitize usahihi. Sare safi iliyonyooshwa pasi humsifu mkoloni. Miguu mitupu chini ya kitambaa cha buluu, na blanketi moja juu ya bega la mpagazi, humshtaki. Ukweli wa vazi ni ushahidi, na mficha maradhi, kama walivyosema wahenga, kifo humuumbua.

Wapo pia watakaosema kwamba haya ni mambo ya kale yasiyo na faida. Hao nawakumbusha kwamba mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Katika makaburi ya Voi na Taveta yamepangwa mawe yenye majina ya wanajeshi waliotoka ng'ambo. Mpagazi aliyetoka Machakos, Murang'a au Kisumu hana jiwe. Vazi lake, tukilivaa kwa heshima, laweza kuwa kumbukumbu yake.

Kazi hii haihitaji mamilioni. Shule yaweza kuanza na mita chache za kaki, bunduki za mbao, mablanketi makuukuu na magunia. Bunduki hizo zisitolewe nje ya jukwaa, na sare za jeshi letu la leo ziachiwe wenyewe, kwa kuwa sheria inamkataza raia kuzivaa bila idhini. Vitu halisi vya wakati ule, kama vile medali na vibati vilivyohifadhiwa katika masanduku ya familia, visivaliwe kamwe jukwaani. Vipigwe picha, habari zake ziandikwe, na vifikishwe kwa wataalamu wa makumbusho kabla kutu haijavimaliza.

Walimu wa historia, walimu wa Kiswahili na waandalizi wa michezo ya kuigiza wakae pamoja wafanye kazi hii. Na siku watakapomtoa jukwaani askari wao wa kwanza wa Keya, wahesabu vifungo vyake kwa uangalifu wote, kisha watazame nyuma yake na kuhesabu wapagazi.